Mgahawa wetu bila menyu ya kudumu: wiki sita za kwanza

Wiki ya 1. Menyu iliyochapishwa imeondoka mezani. Mama alikataa katakata: "Mteja akikosa alichokizoea, atarudi kufanya nini?" Mwishowe tukapatana. Kuna ubao mmoja ukutani, unaandikwa asubuhi baada ya mkulima kushusha mzigo, si kabla. Vyakula vitano tu. Kikiisha, kinafutwa.

Wiki ya 2. Nimeweka ndoo tatu jikoni: ya maganda, ya vilivyoozea stoo, na ya makombo ya sahani. Mdogo wangu anazipima kila usiku na kuandika kwenye daftari. Niliapa kwamba stoo ndiyo inayotumaliza. Wapi! Ndoo ya sahani ndiyo iliyoshinda kila siku, na ndani yake karibu yote ni viazi. Tumebadilisha upawa tu, tunapakulia kwa ule mdogo, na anayetaka nyongeza anaongezewa bure. Wachache mno huomba.

Wiki ya 3. Mkulima kaleta kabichi kupita kiasi, na kuzirudisha ni aibu. Nikaamua kuzichachusha. Hesabu yake nyepesi: chumvi asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 100 kwa kilo 5. Unakata nyembamba, unanyunyiza chumvi, halafu unazifikicha kwa mikono mpaka zilegee na kutoa maji yake zenyewe. Maji hayo hayo ndiyo yanayozifunika kwenye mtungi.

Mtungi wa kwanza niliumwaga. Majani yaliibuka juu ya maji, na siku ya tano yalikuwa na manyoya ya kijivu. Bakteria wanaotia uchachu hawahitaji hewa, ukungu unaihitaji. Wa pili nikaukandamiza kwa kifuko kisafi kilichojaa maji ya chumvi. Ulipofunguliwa ulitoa mapovu na harufu kali, tamu puani. Dada alikula nusu bakuli akiwa amesimama.

Wiki ya 4. Hakuna jipya. Jiko moja liliziba.

Wiki ya 5. Maganda ya karoti, vitunguu na mabua ya seleri sasa yanachemshwa kuwa mchuzi wa msingi. Kabichi haimo kabisa: ikichemka muda mrefu hunuka salfa na kuharibu sufuria nzima. Mchuzi ukiiva naugawa kwenye vyombo vya kina kifupi ili upoe haraka, maana kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndipo vijidudu husherehekea. Kinachobaki baada ya kuchuja kinakwenda kwenye mboji, nikikichanganya na majani makavu, la sivyo lundo linanuka.

Wiki ya 6. Nyanya za shambani zimeisha, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mama anataka zile za jirani zinazolimwa kwenye banda linalopashwa joto, "si za karibu?" Ni za karibu, lakini nishati ya kupasha banda lile inaweza kuzidi ile ya lori linaloleta nyanya za jua kutoka mbali. Ukaribu peke yake haunitoshi. Mimi nasema tusiziandike ubaoni hadi msimu urudi.

Mama hakunijibu. Alikwenda stoo, akahesabu chupa za nyanya tulizopika na kufunga msimu ulipokuwa umepamba moto, akarudi na chaki mkononi: "Zimebaki kumi na nne. Ijumaa tu."

Akaandika mwenyewe.