Reale nane za bibi, na jinsi nilivyojua thamani yake

Bibi mzaa mama alipofariki, Mungu amrehemu, tulikuta kwenye kasha lake kitambaa kilichopigwa fundo, na ndani sarafu nane kubwa za fedha. Upande mmoja mwanamke mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai wa vichwa viwili. Bibi akiziita reale ya Sham. Ni dola za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zilizotumika sana mwambao huu na Omani kabla ya rupia kushika soko. Mirathi ikaonekana nyepesi: mjomba nne, mama mbili, mama mdogo mbili.

Ushauri nao ukamiminika. Jirani akasoma 1780 akasema moja inanunua kiwanja. Mwingine akashauri tuzisugue kwa ndimu na majivu. Najuta hadi leo kwamba nilimsikiliza kwa sarafu moja: iling'aa kama sufuria mpya, weusi uliolala kwenye mikunjo ya ushungi ukaondoka, na mikwaruzo ikabaki shavuni. Sarafu kongwe haisuguliwi, jamani. Sonara wa kwanza ndiye aliyenikasirisha zaidi. Hakupima hata moja. Alizirusharusha kiganjani akataja bei ya zote kwa mkupuo.

Huo mwaka 1780 ndio aliofariki Maria Theresa. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake, wakikataa nyingine, basi Vienna ikaendelea kuzipiga kwa mwaka uleule. Baadaye zikapigwa pia Roma, London, Paris na Bombay, hadi ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo mwaka haukuambii umri. Nyingi thamani yake ni ile fedha iliyomo: uzito kamili ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha halisi.

Lakini je, zetu ni za kweli? Nilianza na sumaku. Hakuna iliyonasa, nikafurahi bure, kwani hata shaba nyeupe hainasi. Nikajaza bakuli maji pomoni, nikatumbukiza sarafu ili nipime yatakayomwagika. Matone yaling'ang'ania ukingoni mwa bakuli na kila mara nikapata jibu lingine. Jioni nzima ikapotea.

Kilichofaulu ni hiki. Niliazima mizani ndogo ya kupimia vidani, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nikaweka juu yake glasi ya maji, nikairudisha kwenye sifuri. Sarafu nikaifunga uzi wa kushonea, nikaishusha majini ikaning'inia bila kugusa chini wala pembeni, nikatikisa uzi mapovu yatoke. Mizani ikasoma 2.75, ndiyo gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu. Ile sarafu kavu ilikuwa na gramu 28.03. Gawa 28.03 kwa 2.75: 10.19, yaani sarafu ni nzito mara 10.19 kuliko maji ya ujazo uleule. Fedha iliyochanganywa na shaba kwa kiwango kile inatakiwa ikaribie 10.2. Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni.

Saba zilitoa jibu hilo au la karibu. Ya nane ilikuwa gramu 25.2, na majini 2.96. Hiyo ni 8.5 tu, si fedha. Nikaitazama ukingo: zile saba zina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, hii ina mistari iliyokwaruzwa tu. Maskini bibi, aliitunza pamoja na wenzake miaka yote.

Basi saba hazigawanyiki kwa mafungu manne, mawili ya mjomba na moja moja ya mama na mama mdogo, na tatu kati yake zimetobolewa kwa kidani, wakusanyaji wa sarafu hawazitaki. Mjomba akasema, "Mwanangu, tupe hesabu, sisi tutaikubali." Nikazidisha uzito wa kila moja kwa 0.833, kisha kwa bei ya gramu ya fedha siku ile, nikaandika kwenye daftari. Kazi yote ilinigharimu senti chache tu za nauli na vocha ya simu.

Nilikwenda kwa sonara mwingine, bila kumwonyesha daftari. Yeye alipima moja moja, taratibu, akiandika kwenye karatasi yake. Nikafungua daftari langu juu ya meza. Ya kwanza: yeye 28.03, mimi 28.03.