Ijumaa niliyofuta logi

Wanaume wa ofisini walikuwa wameshatoka kwenda swala ya Ijumaa nilipoandika rm, amri ya kufuta, kisha jina la faili, nikabonyeza. Ilikuwa tarehe 30 Januari 2015, hapa Tanga, ghorofani Chumbageni, kwenye ofisi ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kaskazi ilikuwa inavuma, madirisha yote yako wazi, karatasi zimekandamizwa kwa mawe ili zisiruke. Seva yao, moja tu, ilikaa ndani ya kabati la chuma kwenye chumba cha masjala. Mwenye dhamana nayo nilikuwa mimi.

Januari kwetu ni mwezi wa ada na sare, na mwisho wa mwezi ni siku ya marejesho. Foleni ilishafika kwenye ngazi tangu asubuhi. Saa nne mambo yakaanza kwenda kombo: printa inatoa risiti kama kawaida, lakini mhasibu akifungua akaunti ya mwanachama, malipo hayamo. Walinipigia saa tano na nusu. Nikadandia baiskeli kutoka Ngamiani, nikafika baibui limeloa jasho.

Nilichokiona hakikuhitaji utaalamu. Diski ya GB 40 ilikuwa imejaa asilimia 100. Ndani ya /var/log kulikuwa na faili moja, logi ya programu ya risiti, yaani kumbukumbu ya inayoyafanya, yenye GB 26. Na nilijua imetoka wapi. Oktoba nilikuwa natafuta hitilafu, nikaiamuru programu iandike kila inachokifanya, hatua kwa hatua. Hitilafu niliipata, nikafurahi, nikaenda zangu nyumbani bila kuirudisha ilivyokuwa. Miezi mitatu ikawa inaandika usiku na mchana. Seva ilikuwa ya Debian, aina ya mfumo endeshi wa Linux, na humo wakati ule programu ya logrotate ilikuwa inaamka kila siku saa 12 na dakika 25 asubuhi kuzungusha logi: ya leo inapewa jina jipya, ya zamani inabanwa, iliyopitwa na wakati inatupwa. Mimi nikajiaminisha kwamba inazungusha kila kitu. Haizungushi ila ilichotajiwa, na programu ya risiti hakuna aliyewahi kuitaja katika saraka ya maagizo yake, /etc/logrotate.d. Kazi ya kuitaja ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nikafuta. Foleni inalalamika ngazini, nani atakaa kusoma GB 26?

Nikaandika tena df, amri ya kupima nafasi ya diski. Asilimia 100, vilevile. Nikajumlisha mafaili kwa du: yaliyomo hayafiki hata theluthi moja ya diski. Amri mbili, majibu mawili. Nilishawahi kukutana na hali hiyo na dawa yake naijua: programu bado imeishikilia faili, iwashe upya, itaiachia, nafasi itarudi. Nilikuwa nimeshaiandika amri ya kuiwasha upya. Kilichobaki ni kubonyeza.

Akaingia dada wa dirisha la pili, daftari mkononi. Alikuwa ametoka kuhesabu droo.

"Dada, nina milioni mbili, laki nane na arobaini na sita elfu. Mfumo hauzijui. Niziandike kwa jina la nani?"

Risiti zilikuwa za nakala moja, mwanachama anaondoka nayo. Kwake yeye hakibaki kitu. Alikuwa anazikumbuka sura za watu, majina machache tu.

"Lakini printa imezitoa," akasema. "Ina maana pameandikwa mahali."

Mkono ukaganda. Maana kweli, palikuwa pameandikwa. Mfumo wa mafaili wa ext4, usipoambiwa vinginevyo, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, yule mtumiaji mkuu wa seva, peke yake. Katika diski ile ni kama GB 2. Hifadhidata, inayotembea kwa jina la mtumiaji wa kawaida, ilikuwa imeishiwa nafasi tangu saa nne. Programu ya risiti ilikuwa inaendeshwa kama root. Si utaratibu mzuri, lakini siku hiyo ulitusaidia: iliendelea kuandika kwenye ile akiba. Kila risiti iliyokataliwa na hifadhidata ilikuwa imeingia kwenye logi, namba, jina, kiasi, saa. Hakukuwa na mahali pengine popote duniani palipokuwa na orodha ile. Nami nilikuwa nimeifuta dakika tano zilizopita.

Nikaifuta ile amri ya kuwasha upya herufi moja moja, polepole, nikiogopa kukosea kidole. Nikaandika lsof, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa. Ikajitokeza: programu, namba ya mchakato wake, yaani ya programu ile ikiwa inatembea, na ubavuni mwa jina la faili maelezo kwamba imefutwa. Imefutwa, lakini imeshikwa. Rm haiui faili, inaondoa jina lake kwenye saraka. Data inabaki pale pale diskini mpaka mchakato wa mwisho ulioifungua uiachie.

Bi mkubwa wa masjala, mstaafu wa serikalini aliyekuwa anawasaidia siku tatu kwa wiki, alikuwa amekaa na majalada yake akitusikiliza. Nilimweleza kwa sababu nilihitaji kujieleza mwenyewe.

"Kwa hiyo jina limekatwa kwenye rejista," akasema, "ila jalada liko mezani kwa ofisa."

"Ndiyo, mama."

"Basi asinyanyuke mezani, mwanangu, mpaka ulinakili."

Ndivyo ilivyokuwa. Chini ya /proc, katika namba ya mchakato ule, kuna saraka ya fd, na humo kila faili iliyofunguliwa ina mlango wake. Nikachomeka diski ya nje, nikainakili faili kupitia mlango huo. Ilichukua karibu dakika 20. Sijawahi kukaa dakika 20 ndefu namna ile. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili wiki hiyo, na UPS yao betri ilikuwa imechoka, ikishtuka kidogo inalia. Ikizima seva, mchakato unakufa, na GB 26 zinakwenda nao. Dada wa dirisha la pili alisimama kando ya kabati, macho kwenye taa ya kijani ya UPS, hakusema neno. Bi mkubwa alikuwa anavuta tasbihi.

Nakala ilipokamilika nililinganisha ukubwa, baiti kwa baiti. Ndipo nikaiwasha programu upya, nafasi ikarudi, foleni ikaanza kusogea.

Jioni tukaketi wawili, mimi nachuja mistari ya malipo yaliyoshindikana, yeye anasoma. Mashine inaandika 10:41:07, yeye anasema saa nne na dakika arobaini na moja. "Huyu ni yule mzee wa Pangani! Laki na nusu, noti za elfu mbili mbili, kazifunga kwa ukili." Mzee yule siku ile alikuwa anamaliza mkopo wake. Risiti zilikuwa 37. Tulipojumlisha, zikaja sawasawa na droo, na dada akainamisha kichwa juu ya daftari, akakaa hivyo kwa muda.

Wiki iliyofuata niliiandikia logi ile utaratibu wake: izungushwe kila siku, ibanwe kwa gzip, ya jana isibanwe hadi kesho yake kwa kuwa programu huenda bado inaiandikia. Nililikataa chaguo la copytruncate, ingawa ndilo rahisi. Linanakili faili kisha linaikata, na mstari utakaoandikwa katikati ya vitendo hivyo viwili unaweza kupotea. Kwangu mimi mstari mmoja ulikuwa ni mzee wa Pangani. Nikambembeleza kijana aliyeiandika programu, yuko Dar, aifundishe kufungua logi mpya kila inapopokea ishara ya HUP. Alinipa baada ya siku nne. Nikamwomba pia aitoe kwenye root.

Logi ya GB 26 ilipobanwa haikufika GB 2. Nikaipeleka masjala kwenye diski yake. Bi mkubwa akaniuliza itatunzwa miaka mingapi. Sikuwa na jibu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaliandika swali kwenye karatasi ya kumpelekea meneja, kisha akafungua rejista ukurasa mpya: Namba 1, kumbukumbu za risiti, Oktoba 2014 hadi Januari 2015.

"Nitajuaje kesho kwamba ni hii hii?"

Nikamwonyesha alama ya sha256, herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye faili, na faili ikibadilika kidogo tu nazo zinabadilika. Akavaa miwani, akachukua kalamu ya wino. Nilimsomea nne nne, akaandika zote.