Pistoni moja

Jamani, muuzaji aliniapia kabisa kwamba Camaro yangu ya 1968 ina breki za diski za mbele zilezile za kiwandani. Nikaongeza dola, nikaileta nyumbani hapa Ohio nikichekelea.

Jumamosi nikavua tairi, mzee jirani akiwa kando na kikombe chake cha kahawa. Nilikuwa nimekazana na brashi ya waya, nikitafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye chuma. GM, watengenezaji wa Camaro, walikuwa wakiweka herufi ya mwezi, A ikiwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. (Na hapo uwe macho: 8 inaweza kuwa 1978!) Kutu tupu, sioni kitu.

Mzee akainama, akachungulia kalipa, kile chuma chenye pistoni zinazobana diski. "Hesabu pistoni."

Moja. Kubwa, upande wa ndani tu.

Camaro za 1967 na 1968 zenye diski zilikuja na kalipa za pistoni nne, mbili kila upande wa diski. Pistoni moja ilianza 1969. Nimesugua kutu saa nzima kumbe jibu lilikuwa linanitazama.

Inasimama vizuri, sikatai. Ila dola zangu zile, jamani!