Nilienda kusafisha msitu, wawindaji wakaninyang'anya panga

Niseme ukweli tu, kabla ya hiyo Jumamosi mwindaji kwangu alikuwa mtu wa kuja na bunduki, piga, beba, ondoka. Sasa jamaa yangu mmoja ambaye anawinda huku Marekani akaniambia vaa buti twende, yeye na wawindaji wenzake wana kazi ya kujitolea kwenye msitu uliokatwa mbao. Tumefika nikaishiwa maneno, visiki kila upande, matairi ya mitambo yamechimba mitaro, matawi yametupwa ovyo kama kimbunga kimepita hapo jana usiku. Nikashika panga nikaanza kukusanya matawi tuyachome, najua nasaidia kumbe naharibu.

Mzee anayeongoza kundi akanifuata, akachukua panga, akanionyesha pale nilipotoa matawi. Chini yake kulikuwa na miche ya mwaloni, mifupi, mizima kabisa. Hatua tatu pembeni, penye uwazi, miche imeliwa yote vichwa. Akaniambia angalia hapo ilipokatika, ina nyuzinyuzi, huyo kulungu, hana meno ya mbele ya juu kwa hiyo anavuta mpaka panachanika. Sungura yeye anakata mshazari, safi, utadhani kisu. Kwa hiyo yale matawi niliyoyaita uchafu ndiyo uzio wa miche, kulungu hapendi kuingiza miguu humo. Nikarudisha kimoja kimoja, kwa aibu.

Baada ya hapo nikapewa kazi ya kutengeneza rundo la kujificha wanyama wadogo, nikadhani rahisi. Nikajaza matawi madogo nikayashindilia vizuri, wakanibomolesha. Unaanza na magogo makubwa chini, yapishane, pabaki mapango, halafu ndo matawi juu kama paa. Ukishindilia chini sungura anaingilia wapi?

Miti iliyokufa ikiwa imesimama hawaigusi, labda iwe inataka kuangukia njia, maana kigong'ota anatoboa na bundi anakuja kurithi tundu. Zile njia za kuburuzia magogo wanazikata vituta vya mshazari ili maji yaingie pembeni yasichukue udongo, kisha wanamwaga mbegu za klova, majani mafupi ya kushika udongo.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya mti unaoitwa aspeni. Huku Marekani, majimbo kama Michigan na Wisconsin, misonobari mikubwa ilikatwa sana miaka ya 1800 mwishoni, mioto ikafuata, na aspeni ikashika sehemu kubwa. Huu mti ukiukata haufi, mizizi ikipata joto la jua inatoa machipukizi mengi mno, unapata kichaka kinene, na kuna ndege jamii ya kwale anakipenda hicho kichaka kuliko kitu chochote. Vifaranga wanapata wadudu humo na mwewe hawaoni, ila dume anataka gogo lililolala chini, anasimama juu anapiga mabawa ngu ngu ngu kama injini inayokataa kuwaka, anaita jike. Ndio maana wanataka vipande vikatwe kwa zamu, hapa miti michanga, pale ya makamo, kule iliyokomaa, vyote karibu karibu ndege asitembee mbali.

Na hela? Zinatoka kwao wenyewe kwa kiasi kikubwa, tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson, ukinunua bunduki ya kuwindia au risasi kuna kodi ya asilimia 11 ndani yake inayoenda kwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Anayewinda bata naye lazima anunue stempu ya serikali, hiyo ilianza 1934, inasaidia kununua maeneo ya maji.

Sasa msinione nimelewa sifa. Nilimuuliza mzee kwani nyie si mnafuga nyama yenu tu, akacheka akasema ndiyo kwa sehemu. Na wapo wawindaji wanaotaka kulungu wajae mpaka miche yote iishe, wakiambiwa wapunguze majike wananuna. Halafu kuna wanyama wanaohitaji msitu mkongwe mnene, huko ukipeleka chenso kwa kisingizio cha kwale umeharibu, hilo hata yeye alilikubali bila kubishana.

Mgongo unauma mpaka leo. Jamaa kapiga simu jana, mvua imekula kituta kimoja na klova yote imeserereka mpaka bondeni, kwa hiyo Jumamosi tunarudi, safari hii panga naliacha nyumbani.