Karatasi ya mahudhurio na maji ya bamvua

Kwenye begi langu kuna karatasi moja ambayo ilitakiwa ibaki ofisini, nimeomba niondoke nayo wakanikubalia. Ni karatasi ya mahudhurio ya Agosti 2023, nimeichora mwenyewe kwenye Ekseli, majina 14 upande wa kushoto, tarehe juu, na X nyekundu kwa kila asiyekuwepo saa mbili kamili asubuhi. Kuna jina moja lina X tisa. Nimeziangalia hizo X mara nyingi mno tangu nipande boti kurudi Dar na naandika leo kabla sijasahau ilivyokuwa, manake najua chuo kikifunguliwa nitaandika ripoti ya fildi, yaani mafunzo ya kazini, kwa ile lugha ya ripoti na haya hayatakuwemo.

Nasoma uhasibu, nimemaliza mwaka wa pili. Wenzangu wengi walipata fildi kwenye mabenki na ofisi za ukaguzi, mimi barua tatu hazikujibiwa, ya nne ikajibiwa kutoka Unguja, pwani ya mashariki, kwenye biashara ndogo inayotengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Wiki sita. Jina lao siliandiki kwa sababu ninayotaka kusema yana makosa ndani yake, na kosa kubwa ni la kwangu.

Wanajiita biashara ya kijamii. Kabla sijaenda nilikuwa sijui hasa maana yake ni nini, nilidhani ni shirika la misaada lenye duka. Kumbe wanauza kama duka lolote, wana leseni, wanatafuta faida kwa nguvu zote, ila faida haiendi mfukoni kwa mtu, inarudi kwa kina mama. Mwani wao unanunuliwa kwa bei ya juu kuliko wanayotoa wanunuzi wa kusafirisha nje, wanaotengeneza sabuni wana mshahara wa mwezi, na kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa kukopeshana. Basi.

Na kuna sababu wanafanya sabuni. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianza 1989, huku huku pwani ya mashariki, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na tangu hapo sehemu kubwa inakaushwa, inatiwa kwenye mapolo, inapanda meli. Huko viwandani wanatoa ile kitu ya kugandisha wanayotia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mwani mbichi kilo saba au nane ndio unatoa kilo moja kavu, na hiyo kilo moja ikiuzwa hivo hivo ilivyo, mama aliyeilima anapata hela kidogo sana. Ikisagwa ikaingia kwenye sabuni yenye karafuu ndani yake, kilo ile ile inatoa vipande vingi na hela inabaki kijijini. Nilipiga hesabu yake wiki ya kwanza mpaka nikairudia mara ya pili nikidhani nimekosea.

Wiki ya kwanza hawakunipa meza, walinipeleka chumba cha sabuni, meneja alisema siwezi kuandika gharama za kitu ambacho sijakishika. Nikapewa glavu na miwani. Soda kali, ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inamwagwa kwenye maji, siyo maji kwenye soda, nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa jina la mtu yeyote, alafu unasimama mbali kidogo kwa sababu maji yanachemka yenyewe na ule mvuke unakata pumzi. Yakipoa unachanganya na mafuta ya nazi unakoroga, unakoroga, mpaka ukinyanyua mwiko lile tone linakaa juu ya uji halizami. Hapo ndipo unatia unga wa mwani na mafuta ya karafuu au mchaichai, unamimina kwenye fremu ya mbao, kesho yake mnakata kwa waya. Kisha inapangwa kwenye shelfu kukauka wiki nne mpaka sita. Sabuni haina haraka. Hilo neno alilisema bi mkubwa mmoja aliyekuwa ananifundisha kukata, nikaandika kwenye logbuku, sikujua kwamba ni neno la kihasibu kabisa.

Ni yeye huyo huyo mwenye X tisa.

Siku ya nne tu ya fildi, Julai 27, tukiwa tunakata, aliniuliza, "Mwezi ngapi leo, mwanangu?" Nikamjibu, wa saba bi mkubwa, tunakaribia wa nane. Akatikisa kichwa. "La, mwezi wa juu." Akahesabu mwenyewe kwa vidole, akasema mwezi tisa, maji bado mafu, yale yasiyopwa sana, wiki ijayo ndio bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno. Mimi mtu wa Morogoro, nikaitikia kwa heshima tu, halikuniingia.

Wiki iliyofuata meneja akanipa kazi ya kwanza ya ofisini. Mfadhili aliyewapa mashine ya kusagia alitaka ushahidi wa saa za kazi, na pale kulikuwa na daftari tu ambalo watu wanasaini wakikumbuka. Nikafurahi, kwa kweli nilifurahi, hatimaye kitu nilichosomea! Nikaweka kanuni: mtu asipokuwepo saa mbili anapata X, X moja ni nusu siku. Nikaweka na fomula ya kukata kwenye mshahara moja kwa moja. Saa tatu nafunga karatasi naendelea na mengine. Meneja akaiangalia akasema safi, akasaini.

Agosti 1 watu sita hawakuja asubuhi. Agosti 2 wale wale sita. Nikaweka X zangu. Mpaka tarehe 5 ikawa hivo, alafu wote wakarudi wakawa wanafika saa mbili kasorobo wiki nzima, alafu kuanzia tarehe 16 wakapotea tena siku nne. Ningekuwa na akili ya kuangalia ile karatasi kama mchoro ningeona X zimekaa makundi mawili yaliyopishana kama wiki mbili hivi, kitu ambacho utoro hauwezi kufanya. Lakini nilikuwa naangalia mtu mmoja mmoja, kwa mstari, na kwa mstari walionekana wazembe.

Mishahara ilifungwa tarehe 25. Jumatatu ya tarehe 28 bi mkubwa akaja mezani kwangu na kikaratasi chake cha malipo. Nikamwamkia, shikamoo bi mkubwa, akaitika marahaba vizuri kabisa, akavuta kiti akakaa.

"Mwanangu, hebu nifahamishe hii."

Nikamweleza, X tisa, nusu siku kila moja, siku nne na nusu zimekatwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, maneno yake nimeyaandika usiku ule ule, "Siku hizo mie nilikuwa pwani, na kila mtu hapa anajua nilikuwa pwani. Saa nane nilikuwa nishakaa pale nakata sabuni mpaka magharibi. Hii karatasi yako haikuniona mchana?"

Haikumwona. Niliifunga saa tatu.

Kumbe tangu biashara ile ianze kulikuwa na mapatano ambayo hayakuandikwa popote: wenye mashamba yao ya mwani, siku za bamvua asubuhi wanashuka pwani, wakirudi wanakuja kukata na kufunga sabuni mpaka jioni, na siku za maji mafu wanawahi. Saa zinatimia zile zile kwa mwezi, pengine zinazidi. Kila mtu alijua isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyepewa kalamu. Meneja naye alijua ila akasaini bila kuangalia, aliniambia hivo mwenyewe na nilimheshimu kwa kutonitupia mimi peke yangu.

Kilichoniumiza zaidi ni upatu. Wanatoa kila tarehe 30, watu kumi, na mwezi huu ilikuwa zamu ya mwenzao mwenye kumalizia paa. Bi mkubwa alipungukiwa, akakopa kwa wifi yake ili asimwangushe. Hakuniambia yeye, niliambiwa na binti mmoja wa chumba cha lebo. Yaani fomula yangu niliyoiandika nikiwa nakunywa chai ilitoka pale ofisini ikaenda mpaka kwenye paa la mtu nisiyemjua.

Nilimwomba radhi. Akasema tumeshasameheana, sasa Alhamisi vaa raba za zamani na soksi, tushuke.

Alhamisi ilikuwa Agosti 31, mwezi mpevu, na mpevu wenyewe ule wa karibu na dunia, kwa hiyo bahari ilikuwa imekimbia mbali kuliko siku zote. Tulitoka saa mbili na nusu, saa ile ile ninayoandika X, maji yanavuta. Tukatembea juu ya mchanga mgumu wenye mistari, tukavuka vidimbwi, nikigeuka nyuma naona minazi imekuwa midogo. Shamba lake ni vijiti vimechomekwa kwa safu, kati ya kijiti na kijiti kamba, na kwenye kamba tai-tai, vile vikamba vidogo, kila kimoja kimeshika kichane cha mwani. Kazi ya siku ile ilikuwa kuvuna safu zilizofikisha kama wiki sita na kufunga mbegu mpya. Unachukua kichane ukubwa wa ngumi, unazungusha tai-tai, unafunga fundo ambalo halikazi mpaka likate shina wala halilegei mpaka wimbi lichukue. Nilifunga la kwanza akalifungua. La pili akalifungua. Nadhani la tisa au la kumi ndio aliliacha, hakusema kitu, akasogea mbele. Na tumeinama muda wote, maji ya magotini, jua la Agosti mgongoni. Vidole vinanywea, chumvi inaingia kwenye kila mchubuko.

Akanionesha na vichane vyeupe, vimelegea kama nyuzi zilizochemshwa, vinakatika ukivigusa. Maji yakipata joto sana mwani unaugua hivo. Ule wa bei nzuri, kotonii, ndio unaoumia zaidi, huko kwao wengi wameuacha wamebaki na spinosamu, wa bei ndogo lakini mvumilivu. Nilisoma baadae habari za Dk. Flower Msuya, mtafiti ambaye amefanya kazi miaka mingi na wakulima wa mwani Zanzibar, na moja ya mambo waliyojaribu ni kulima kwenye maji ya kina ambako joto ni dogo, kwa nyavu za duara kama mirija. Lakini kina mama wengi wa rika la bi mkubwa hawajui kuogelea na vyombo vya baharini ni vya wanaume. Hayo ya mwani kuugua na ya kuogelea alinieleza bi mkubwa mwenyewe huku mikono inafunga, hakusimama.

Kama saa tano na nusu akainua kichwa akasema maji yanarudi. Mimi sikuona tofauti yoyote. Tukafunga mapolo, na tulipofika nusu ya njia vile vidimbwi tulivyovuka vilikuwa vimeungana. Kila siku maji yanachelewa kama dakika arobaini hivi siku hizo za bamvua, baadae zaidi, kwa hiyo leo unatoka saa mbili na nusu, kesho saa tatu na dakika kumi, na siku za maji mafu hata ukishuka maji hayapwi ya kutosha, shamba liko chini. Bahari ndiyo inayopanga zamu hapo, na inazipanga mapema sana kuliko ofisi yoyote, yeyote anayejua mwezi ngapi leo anaweza kukuambia zamu ya mwezi ujao. Mimi nilikuwa na kompyuta nikashindwa kuiona.

Saa nane kweli tulikuwa chumba cha sabuni. Mgongo wangu ulikuwa haunyooki sawa, na yeye anakata kwa waya, vipande vinatoka sawasawa.

Jioni ile na Ijumaa yote, siku yangu ya mwisho, nikatengeneza karatasi nyingine. Saa zinahesabiwa kwa wiki, siyo kwa asubuhi. Kuna safu ya kuingia na safu ya kutoka. Juu ya tarehe za kawaida nimeweka mstari wa mwezi mwandamo, na siku za bamvua zina rangi ya buluu, alizijaza bi mkubwa kwa mkono mpaka Desemba bila kuangalia popote, mimi nikalinganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye simu, hakukuwa na siku iliyotofautiana. Meneja akakubali pesa zilizokatwa kwa wote sita zirudi na mshahara wa Septemba, nikaiandika kama deni kwenye vitabu, na tarehe, na sahihi yake na yangu. Sio kwamba imeisha. Mfadhili hajajibu kama ataipokea karatasi ya namna hiyo, na wifi bado anadai.

Supavaiza wangu wa chuo alipokuja kunikagua aliniuliza nimejifunza nini kuhusu udhibiti wa ndani, nikamwonesha karatasi zote mbili, ya X na ya buluu. Akazitazama kwa muda, akasema niandike hiyo ya kwanza kwenye viambatisho. Sijaamua. Ina majina ya watu na X mbele yake na hawakukosa kazi.

Niliondoka na vipande vitatu vya sabuni ya karafuu, vile tulivyomimina wiki yangu ya kwanza, vimekauka tayari. Bamvua lijalo ni kuanzia Septemba 15 hivi, mwezi mchanga, ndiyo mara ya kwanza karatasi mpya itatumika. Nimemwomba binti wa lebo anitumie picha yake ikishajazwa, ya mchana na jioni pia.