Kobe Anapougua Kusi Ikivuma

Mtwara, Julai, usiku.

Kusi imeshika. Pazia halitulii tangu magharibi, na sakafu ya tailizi ukiikanyaga peku, baridi yake inapanda mpaka kwenye vifundo. Kwa binadamu hii ni nafuu baada ya fukuto la Desemba. Kwa kobe anayeishi ndani ya nyumba ndiyo miezi ya hatari, maana mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Hulipata kwenye jua au kwenye kile alichokilalia. Akilala juu ya tailizi yenye nyuzi 20, kufikia alfajiri naye ni nyuzi 20. Katika ubaridi huo kinga ya mwili hulegea, tumbo husimama, na vijidudu ambavyo siku zote vimo puani mwake hupata nafasi.

Wahenga walisema kobe akiinama anatunga sheria. Msemo mzuri, lakini mfugaji auchukue kwa tahadhari, kwa kuwa ukimya wa kobe ndio unaoficha maradhi yake. Kobe aliyeinamisha kichwa siku tatu, hali, hatembei, na ukimgusa mguu hauvuti ndani kwa nguvu, huyo anaumwa. Mtazame pua. Ikitoa mapovu au kamasi, ni mafua. Akinyoosha shingo na kufungua mdomo kila anapovuta pumzi, maradhi yameshafika mapafuni, na hapo ni daktari wa mifugo leo, si kesho. Kobe hana kiwambo kama chetu cha kutenganisha kifua na tumbo, hivyo hawezi kukohoa akatoa makohozi. Yakiingia mapafuni yanabaki huko na kuganda. Kwa sababu hiyohiyo usimgeuze chali ukamwacha hivyo: mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, na ukimpindua matumbo yote yanayalalia.

Jambo ninalolirudia kila anaponiuliza mtu ni mpangilio: joto, kisha maji, kisha chakula na dawa. Wengi huanza mwisho. Wanamlazimisha kobe baridi ameze chakula, nacho kinachachia tumboni kwa sababu hakuna joto la kukisaga. Au wanamchoma dawa nzuri, inakaa palepale ilipochomwa.

Kwa joto, tafuta boksi la mbao au beseni pana lisilopitisha mwanga pembeni (kobe akiona nje kupitia kioo atakisukuma kutwa nzima na kumaliza nguvu). Tandika magazeti, si mchanga wala maranda, ili uone choo chake na asivute vumbi. Juu ya upande mmoja ning'iniza balbu ya vifaranga, ile nyekundu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, kama sentimita 40 hadi 50 kutoka mgongoni kwake. Usikadirie kwa mkono. Weka kipimajoto chini, pale anapolala. Mchana chini ya balbu pawe nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili 28, na usiku kwa kobe mgonjwa pasishuke chini ya 25. Upande wa baridi lazima uwepo. Kobe aliyedhoofika asipokuwa na pa kukimbilia hukaushwa na balbu.

Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za lita moja na nusu, zizungushie khanga mara mbili, ziweke pembeni mwake na ufunike boksi nusu. Badilisha zikipoa, maana chupa iliyopoa humnyang'anya joto. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata dakika tano. Moshi unachoma mapafu ambayo tayari yanaumwa, na hewa yake ya sumu inaua hata wenye nyumba.

Maji ni rahisi zaidi, na ndiyo matibabu ninayoyaamini kuliko yote. Kila siku mweke kwenye beseni lenye maji vuguvugu ya nyuzi 30 hivi, kina kifike chini ya kidevu akiwa amesimama, kwa dakika 20 hadi 30. Yakianza kupoa, ongeza ya moto kidogokidogo, mbali na miguu yake. Atakunywa kwa kuzamisha pua, na mara nyingi atakojoa humohumo. Itazame ile sehemu nyeupe ya mkojo. Ikiwa laini kama dawa ya meno, maji mwilini yanatosha. Ikiwa na chembe za mchanga, amekauka, na kumlisha kwa nguvu wakati huo ni kuzitwika figo mzigo. Mkaushe vizuri kabla ya kumrudisha, hasa kwenye makunyanzi ya shingo na makwapa. Beseni hilo lisitumike kwa vyombo, na mikono ioshwe kwa sabuni: kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila yeye kuumwa, na watoto wadogo ndio huumia zaidi.

Akishapata joto na maji kwa siku mbili tatu, mara nyingi hamu ya kula hurudi yenyewe. Kobe mwenye madoadoa, yule mkubwa tunayemwona zaidi, ni mla nyasi. Mpe ukoka, mchunga, majani na maua ya haibiskasi, vipande vya mpungate uliotolewa miiba. Boga na karoti iliyokunwa mpe kidogo kwa ajili ya vitamini A, hasa kama kope zimevimba. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu ambayo sisi huiondoa kwa kutwanga na kupika. Ugali, wali na dagaa hapana. Embe na papai humharisha. Mchicha wa kila siku hufunga madini ya chokaa yasifike mwilini. Huko kwetu pwani kuna kobe mwingine mdogo, ambaye gamba lake la mgongo lina kiungo kwa nyuma na hulifunga kama mlango. Huyo anataka unyevu, na hula pia konokono na uyoga, hivyo mazingira makavu ya mwenzake yatamuumiza. Mjue wako ni yupi kabla ya kufuata ushauri wowote, huu wangu ukiwemo.

Chokaa tunayo bure. Mfupa mweupe wa dome, yule jamaa wa ngisi, unaookotwa ufukweni Msangamkuu au Mikindani ulowekwe maji baridi siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku kutoa chumvi, uanikwe, kisha ukwangue unga wake juu ya majani. Lakini chokaa bila jua haifanyi kazi, na jua la kupitia kioo cha dirisha si jua kwake: kioo huzuia ule mwale unaotengeneza vitamini D. Gamba la kobe mkubwa linalobonyea kwa kidole limetokana na kukosa hayo mawili. Siku isiyo na upepo, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mtoe nje nusu saa penye kivuli upande mmoja, asiachwe peke yake, na kamwe asiwe ndani ya beseni la plastiki juani. Humo anaiva.

Kuhusu dawa, moja naliandika kwa msisitizo. Ivermectin, ile ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe iliyojaa madukani, inaua kobe. Hata dozi ndogo ni hatari. Mweleze muuzaji na daktari pia, kwa sababu wengi wamezoea mifugo mingine. Sindano ya antibiotiki ichomwe mguu wa mbele, kwani damu ya miguu ya nyuma huweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka mwili. Nyingine, kama seftazidimu, huchomwa kila baada ya saa 72, si kila siku, kwa kuwa mwili wa kobe huitoa polepole. Ukiona ratiba ya kuku imehamishiwa kwa kobe, uliza. Vitamini A ya sindano nayo ikizidi hubambua ngozi.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki, siku ileile, kabla ya maji, na uandike. Akipungua gramu 100 kwenye kilo moja, hilo ni jambo zito. Na mwenye kobe asiye na kibali ajue kwamba huyu ni mnyamapori chini ya sheria ya mwaka 2009. Afike kwa maofisa wa wanyamapori kabla hajafuatwa.

Pua ikikauka, usizime balbu siku hiyo. Endelea wiki mbili zaidi, halafu shusha joto la usiku nyuzi moja kila siku mbili. Na akirudi sebuleni, pale anapopenda kulala patandikwe kipande cha mkeka chenye gunia chini yake, angalau hadi kusi ipungue.