RAM ya 3200 inayotembea kama 2133

Wiki tatu nimelaumu kila mtu kasoro mimi mwenyewe, ngoja niwasimulie.

Nilijiundia kompyuta, vifaa vimetoka Kariakoo kimoja kimoja vikapanda basi la usiku mpaka Mbeya, prosesa ni Ryzen 5 5600G maana hela ya kadi ya grafiki haikuwepo, RAM (memori ya kufanyia kazi) vijiti viwili vya GB 8, DDR4 ya 3200, hiyo namba ndo spidi yake. Kazi yangu kuediti video za harusi na send-off. Ikawaka fresh, nikarusha picha status, sa nikifungua kazi yenyewe inajikongoja kama lori la mbolea linapanda Mlima Nyoka.

Nikasingizia Windows, nikapiga upya mara mbili. Nikasingizia virusi. Dogo mmoja wa duka pale Mwanjelwa akanambia "bro ongeza RAM tu", na kidogo nimpe hela.

Siku hiyo ndo nikachungulia Task Manager upande wa memory, nakuta spidi 2133. Yani nikajua nimepigwa! Nikashika simu nimpigie muuzaji nimpe za uso, bahati nzuri vocha ilikuwa imeisha, kwa sababu kumbe hajaniibia chochote. RAM ya DDR4 ukiichomeka tu inaanza na spidi ya usalama, yangu ilianza na 2133, ile 3200 ya kwenye stika haiji mpaka uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, uwashe XMP, mpangilio wa spidi kamili ya RAM (bodi zingine za AMD wanaiita DOCP), hapo na umeme wake unapanda toka volti 1.2 hadi 1.35.

Halafu CPU-Z, programu ya kuchungulia vifaa vya kompyuta, ikanionyesha kingine. Usishtuke ukiona 1066, hiyo ni nusu, DDR inatuma data mara mbili kwa kila pigo. Kilichoniuma ni kwamba chaneli, yani njia ya data kati ya RAM na prosesa, ilikuwa moja tu badala ya mbili, maana vijiti nilivichomeka vimebanana, sloti ya kwanza na ya pili, niliona vimependeza hivyo 😂 wakati kitabu cha bodi kilisema ya pili na ya nne kuhesabu toka kwenye prosesa, na kitabu chenyewe nilikiwekea kikombe cha chai.

Piga hesabu sasa. Chaneli moja ya 2133 inapitisha kama GB 17 kwa sekunde, mbili za 3200 zinapitisha 51.2. Nilikuwa natumia theluthi! Na 5600G haina memori yake ya grafiki, picha zote zinakula RAM hiyo hiyo, ndo maana iliteseka vile. Nikahamisha, nikawasha XMP, nikaiacha na MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, hakuna kosa hata moja, asubuhi mashine inateleza.

Wiki mbili baadae umeme ukakatika Uyole nzima, uliporudi mzigo uleule, 2133 tena. Nikataka kulia. Ila nikaona na saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka, ah, betri ya bodi imekufa, umeme ukikata BIOS inasahau kila kitu. Ni CR2032, kile kidude cha duara, nikakipata kwa mzee anayetengeneza saa za mkononi. Nimemwamkia shikamoo, akapokea, akaniuliza saa yenyewe iko wapi. Nikamwambia mzee, hii saa haivaliki.